Maswali ya Wasomaji: Tinti ya Dirisha na Jua la Jioni

Barua zimekuwa nyingi kuhusu ile filamu ya kubandika kwenye vioo vya nyumba na ofisi, wengine mnaiita tinti, wengine stika ya jua. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Mzee shikamoo. Sebule yetu inaangalia magharibi, kuanzia saa tisa mpaka jua lizame hakuna mtu anakaa pale, na makochi yamepauka upande mmoja. Fundi wa tinti za magari anasema atabandika ile nyeusi tii, eti ikiwa nyeusi zaidi na joto linapungua zaidi. Ni kweli? Mama wa Ntinda

Marahaba nnyabo. Si kweli, na hapo ndio watu wengi wanapoliwa pesa. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kama infraredi ambayo jicho halioni, nyingine karibu yote ni mwanga huu tunaouona, alafu asilimia chache tu ndio miale ya UV. Weusi wa tinti unakwambia mwanga kiasi gani umezuiwa, basi, haukwambii kitu kuhusu ile nusu usiyoiona. Filamu ya bei rahisi iliyotiwa rangi tu inameza jua, kioo chenyewe kinapata moto na sehemu ya huo moto inaingia ndani, yaani mnakaa gizani na jasho bado linatoka. Zenye tabaka la chuma zinarudisha jua nje, na zile za seramiki zingine ukiziangalia unadhani ni kioo kitupu lakini zinazuia joto kuliko hiyo nyeusi yake. Alafu ile ya rangi ikikaa juani inageuka zambarau, si umeona vioo vya taxi za zamani?

Muulize namba moja tu, jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, kwenye karatasi za kampuni inaandikwa TSER. Kioo cha kawaida cha milimita 3 kinapitisha kama asilimia 86 ya joto la jua, maana yake kinazuia 14 hivi. Tafuta filamu ya 50 kwenda juu. Fundi asiyeijua hiyo namba na hana karatasi yoyote mkononi, mpe chai aende zake.

Na usibandike nyumba nzima. Sisi tuko kwenye ikweta, mstari wenyewe unapita pale Kayabwe barabara ya Masaka, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini, linapiga paa, na madirisha ya kaskazini na kusini yanalindwa na upenu. Linaloingia ndani ni la asubuhi na la jioni likiwa limeshuka chini, hilo upenu hauliwezi. Wewe shida yako ni magharibi, bandika huko tu na pesa inayobaki nunua kitambaa kipya cha makochi. Filamu nzuri inazuia UV mpaka asilimia 99, ila mwanga na joto navyo vinapausha, kwa hiyo kupauka kutapungua mwendo, hakutaisha.

Walikuja watu ofisini kwetu Jinja na kisanduku chenye taa kali, unaweka mkono nyuma ya kioo kitupu unaungua, unaweka nyuma ya kioo chenye filamu yao husikii kitu. Wanasema inazuia asilimia 90 ya infraredi. Bosi ameshakubali, mimi nashika hesabu nina wasiwasi. Mhasibu, Jinja

Wasiwasi wako una msingi ssebo. Ile taa inatoa infraredi kwa wingi na mwanga kidogo, wakati jua linatoa vyote viwili. Piga hesabu wewe mwenyewe ndio kazi yako: infraredi ni kama nusu ya nishati, asilimia 90 ya nusu ni 45. Kama filamu haizuii kingine chochote basi umezuia 45, sio 90. Na wengine hiyo 90 yenyewe wameipima kwenye kipande kidogo cha infraredi ambapo filamu yao inafanya vizuri, sio infraredi yote. Sisemi bidhaa ni mbaya, inawezekana ni nzuri tu, ila waambie waandike TSER kwenye makadirio ya bei, kwa maandishi, na aina ya kioo walichoipimia. Na kama mna AC, bandikeni kwanza chumba kimoja cha upande wa jua, muangalie Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inaenda vipi mwezi huo ukilinganisha na mwezi wa kabla yake.

Tulibandika filamu kwenye vioo vya ofisi yetu Nakasero, baada ya wiki chache vioo viwili vimepasuka vyenyewe hakuna aliyevigusa. Fundi anasema kioo kilikuwa feki, muuza kioo anasema ni filamu. Nani anadanganya? Msomaji, Kampala

Pengine hakuna anayedanganya, kila mmoja anasema nusu. Kaangalie ufa ulikoanzia. Kama umeanzia ukingoni, umeingia moja kwa moja ukifanya pembe mraba na ukingo, kama kona ya daftari, kisha ndio ukaanza kujipinda kuelekea katikati, huo ni mpasuko wa joto. Kama kuna kidonda mahali fulani na nyufa zimetawanyika kutoka hapo, kuna kitu kiligonga.

Mpasuko wa joto unatokea hivi, katikati ya kioo kuna jua, kunapata moto na kutaka kutanuka, kingo zimefichwa ndani ya fremu ya aluminiamu zimebaki baridi, zinavutwa mpaka zinashindwa. Filamu inayomeza jua inaongeza huo moto, na kama kioo chenyewe kilikuwa tayari cha rangi, ile brauni au bluu inayopendwa sana mjini, basi umeweka moto juu ya moto. Ongeza kivuli cha jengo la jirani kinachokata kioo nusu, au pazia zito lililogusana na kioo, au kingo zilizokatwa vibaya zenye vibanzi. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kinavumilia, kile cha kawaida ndio kinaumia. Kwa hiyo yule aliyekubali kazi alitakiwa kuuliza kioo ni cha aina gani kabla ya kufungua roli la filamu. Vioo vilivyobaki, kama ni vya rangi, ningetoa hiyo filamu niweke inayorudisha jua badala ya kulimeza, na mapazia yasogezwe mbali kidogo.

Nataka ile ya kioo-kioo, mtu wa nje anajiona yeye mwenyewe. Naishi kwenye muzigo, vile vyumba vya kupanga vilivyopangana mstari mmoja, majirani wanapita mlangoni siku nzima. Mpangaji, Kireka

Mchana itakufaa kabisa. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe ndio unajiona na majirani wanaangalia mchele unavyopika. Hiyo kitu inafanya kazi kwa upande wenye mwanga mwingi, haina uchawi mwingine. Pazia usitupe. Na umuulize mwenye nyumba kwanza, filamu ukihama haihami na wewe, ukiibandua gundi inabaki kwenye kioo chake na atakukata kwenye dipoziti.

Nyumba ya mabati Gulu, hakuna dari, mchana ni jiko. Nianze na chumba gani? Mwalimu, Gulu

Usianze na chumba chochote mwalimu. Joto lako linatoka juu, sio dirishani. Weka dari, acha matundu ya hewa pale juu ya ukuta, ukiweza paka mabati rangi nyeupe. Dirisha la magharibi jengee kichanja nje upandishe mapesheni, kivuli cha nje kinazuia jua kabla halijafika kwenye kioo, na kwa hilo kinaishinda filamu, na unakula matunda.

Hii filamu ya sola inaweza kuchaji betri usiku? Msomaji, Arua

Hapana. Hii inazuia jua tu, haitengenezi umeme, na usiku hata paneli zenyewe zimelala.

Fundi amemaliza jana, kioo kimejaa malengelenge, anasema nisubiri mwezi. Ananidanganya? Na kule jikoni amekataa kubandika eti kwa sababu ya nondo za dirishani. Dada wa Entebbe

Kuhusu mwezi hajadanganya, dada. Filamu inabandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, fundi anayasukuma nje kwa kile kifuta maji cha mpira lakini yote hayatoki, yanayobaki yanakauka polepole kupitia filamu yenyewe, inaweza kufika siku 30 na msimu wa mvua inachelewa zaidi. Usioshe wala usitoboe kwa sindano. Baadaye osha kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, dawa ya vioo yenye amonia iache, na wembe usiguse.

Nondo nazo ni kweli. Grili zetu zimechomelewa kwa ndani, na filamu nyingi zinabandikwa kwa ndani, mkono haupiti vizuri na kifuta maji hakipati nafasi, akilazimisha utapata mikunjo. Zipo filamu za kubandika nje, zinazuia joto vizuri hata zaidi, ila mvua na vumbi zinazimaliza mapema kuliko za ndani, muulize kama anazo na garanti yake ni miaka mingapi.

Sasa hayo malengelenge, pitisha kidole juu yake. La maji ni laini na linabonyea. Ukisikia kichembe kigumu katikati, huo ni mchanga, kioo hakikuoshwa vizuri, na huo hata ukisubiri mpaka Krismasi hauondoki. Weka alama kwa maka kila penye mchanga, mwite arudie hivyo vioo, na salio lake likae kwako mpaka amalize.