Wasifu wa Mwanachuo Ambaye Hajawahi Kuajiriwa

SWALI: Mhariri, niko mwaka wa pili chuoni na ninataka kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, lakini sijawahi kuajiriwa. Niandike nini katika wasifu wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, tanguliza elimu, kwa kuwa ndiyo sifa yako kubwa kwa sasa: taja shahada unayosomea, mwaka unaotarajia kuhitimu na masomo machache yanayohusiana na kazi unayoiomba. Kisha eleza uliyoyatenda. Mtu akiandika tu kwamba alikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, mwajiri hapati picha kamili. Lakini akiandika kwamba alitunza daftari la michango ya wanachama 60 na kuwasilisha taarifa ya mapato na matumizi kila muhula, uwezo wake unaonekana bayana. Kazi za kujitolea pia ni uzoefu halali, wala usizionee haya. Ukurasa mmoja unatosha. Tafadhali usitie chumvi hata kidogo, kwani lolote utakaloandika unaweza kuulizwa kwenye usaili. Wadhamini, yaani watu wanaokufahamu na wanaoweza kuthibitisha sifa zako kwa mwajiri, nao uwaombe ridhaa kabla ya kuwataja, na umpe mtu makini aukague wasifu huo kabla hujautuma.