Kabla ya Kutafuta Usasa, Jifunze Maji

Watu wakiona picha zangu za wino, ninazochora kwa mtindo wa Kichina, huniuliza maswali mawili. La kwanza, nianzie wapi? La pili, nifanyeje ili kazi yangu isifanane na zile kalenda za migahawa ya Kichina? Hilo la pili ndilo linalowawasha zaidi, na nawaelewa, maana hata mimi lilinisumbua. Nilikwenda Hangzhou, mji wa China, kusomea uhandisi wa maji, nikajikuta kila Jumamosi mchana niko mezani kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa akitufundisha watu watano sebuleni kwake. Nilimwita Laoshi, yaani mwalimu. Mpaka leo tukipigiana simu namwita hivyo.

Nilimwambia siku ya kwanza kwamba nataka kuchora kisasa. Akanipa bakuli la maji.

Fanya hivi, nawe utaona. Chovya brashi kwenye maji safi, ifute kwenye ukingo wa kisahani, kisha gusisha wino kwenye ncha tu. Laza brashi ubavu, vuta mara moja, inua. Ukipatia kipimo cha maji, mvuto mmoja unatoka na weusi mzito upande huu, kijivu katikati, na upande wa pili unafifia kama moshi wa asubuhi. Wachina husema wino una rangi tano. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya kupamba tu, mpaka siku nilipoziona zote kwenye jani moja la mwanzi. Ilinichukua miezi miwili kulipata jani lile, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Karatasi nayo ina mambo yake. Ile inayosifiwa inaitwa xuan, na kitovu chake ni wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui. Hutengenezwa kwa gome la mti uitwao qingtan na mabua ya mpunga, na ufundi wake umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2009. Kuna xuan mbichi, inayokunywa maji papo hapo, na kuna iliyotibiwa kwa shabu, ambayo wino hukaa juu yake bila kusambaa. Ya pili inawafaa wanaochora kwa mistari midogo ya uangalifu. Mimi niliuziwa hiyo bila kujua, nikakaa mwezi mzima nikilaumu mkono wangu kwa nini wino hauenei. Ukifika dukani, taja jina: shengxuan, ndiyo mbichi. Na kwa mazoezi usinunue hiyo hata kidogo, ni ghali. Nunua maobian, karatasi ya mianzi yenye umanjano, ya bei nafuu, utumie mamia. Chini yake tandika kipande cha blanketi la sufu, la sivyo karatasi itanasa mezani.

Wino wa chupa unatosha kwa kujifunza. Kwa picha unayotaka kuitunza, uujaribu kwanza. Nilishawahi kupeleka picha ya mayungiyungi kwa fundi wa kubandika. Picha ya xuan hubandikwa karatasi nyingine mgongoni kwa uji wa gundi, na hapo hulowa yote. Weusi wangu ukatiririka hadi kwenye sehemu nyeupe nilizokuwa nimeziacha kwa makusudi. Nililia, sioni haya kusema. Siku hizi napiga mstari kwenye kipande cha pembeni, nakiacha kikauke siku mbili, nakilowesha. Ukichuja, wino huo haufai. Wino wa kusaga kwenye jiwe, uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya wanyama, naupenda zaidi, kwa sababu ile robo saa ya kuzungusha kijiti cha wino polepole huutuliza mkono kabla haujagusa karatasi.

Sasa turudi kwenye usasa.

Shitao, mchoraji wa karne ya 17, aliandika kwamba brashi na wino vifuate zama. Kwa hiyo hamu ya kuchora jambo la leo si ugeni, imo ndani ya mapokeo yenyewe. Kosa ninaloliona kwa wanaoanza, na nililolifanya mimi, ni kudhani kwamba kunakili kazi za wakale kutaua sauti yao. Laoshi alinipa nakala ya kitabu cha mafunzo kilichoanza kuchapishwa mwaka 1679, nikanakili mawe na matawi miezi sita. Nilinung'unika sana.

Aliyenifungua macho ni mchoraji Wu Guanzhong. Alisoma katika chuo cha sanaa cha Hangzhou, kilichoanzishwa 1928, na mmoja wa walimu wake alikuwa Pan Tianshou. Chini ya Pan alinakili sana kazi za wakale. Pan aliamini uchoraji wa Kichina na wa Magharibi uachwe mbalimbali, kila mmoja ubaki na nguvu yake. Mwanafunzi wake akaenda Paris 1947, akarudi 1950, akatumia maisha yake kuviunganisha. Mwaka 1992 alichapisha makala akisema kwamba brashi na wino, vikitengwa na picha yenyewe, thamani yake ni sifuri. Wachoraji wakawaka moto. Mimi niko upande wa Wu. Tazama picha yake ya 1981 ya mbayuwayu wawili: ukuta mweupe mrefu, milango kama vibao vyeusi, na ndege wawili wadogo. Karibu yote ni mistari iliyonyooka, lakini ule weupe ulioachwa utazame ni weupe wa wapi. Ni wa wakale.

Mchoraji Liu Guosong, aliyekulia China Bara akahamia Taiwan 1949, alikwenda njia nyingine. Alitumia karatasi yenye nyuzi nene, akapiga wino, kisha akazing'oa nyuzi moja moja. Panapong'oka hubaki mistari myeupe, kama mishipa ya mlima. Nimejaribu, na ushauri wangu ni usianze na hilo. Mbinu ya mtu ni rahisi kuiiga na ngumu kuijaza.

Ukifika Hangzhou, nenda Barabara ya Nanshan, ulione jumba la kumbukumbu la Pan. Simama karibu na picha zake kubwa, kisha urudi nyuma hatua kumi. Halafu nenda Ziwa la Magharibi, lililomo mjini humo, majira ya baridi, upande wa barabara ya Beishan, ukaangalie mabua ya mayungiyungi yaliyokufa. Yamevunjika, yameinama, vivuli vyake majini vinafunga pembe kali kama herufi. Nilikaa pale nikiyachora mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa kwa Laoshi, nilitazama dirishani. Kulikuwa na kreni tatu za ujenzi, na nyaya zake zikining'inia. Nikaona bua. Bua lile lile, lililovunjikia juu. Nikachukua shengxuan, nikapiga kreni ya kwanza kwa mvuto niliozoea wa yungiyungi, ncha kavu, shingo ikikatika ghafla. Laoshi alikuja akasimama nyuma yangu. Hakusifu. Alinyoosha kidole kwenye waya mmoja, wa tatu kutoka kushoto, akasema, "Huu umeuona. Mingine umeikumbuka."

Picha hiyo sijaibandika mpaka leo. Imo ndani ya bahasha, nami huitoa kila nikianza kazi mpya, nautazama ule waya wa tatu kabla sijalowesha brashi.