"Nous" ya Waingereza: maana yake, matamshi na jinsi ya kuitumia

Mleta mada anauliza: mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza akisema timu fulani "lacked tactical nous" (ilikosa nous ya kimbinu), ana maana gani? Na je, ni sawa na "savvy" (uerevu wa mambo)?

Nous ni akili ya kutenda: unaisoma hali na kujua la kufanya bila kusubiri kuelekezwa. Timu inaongoza 1-0, dakika ya 88, inapata kona, mabeki wote wanapanda mbele, wanapigwa kaunta. Mbio wanazo, chenga wanazo, nous hawana.

Wengi wanaanguka kwenye matamshi. Uingereza husema "naus", likifuata sauti ya "house". Mshairi Alexander Pope aliyafanya maneno hayo mawili kuwa vina mwaka 1742, kwa hiyo si mtindo wa juzi. Wamarekani wanaolijua husema zaidi "nuus". Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, likimaanisha akili, na halihusiani kabisa na "nous" ya Kifaransa yenye maana ya "sisi" (wa Congo na Burundi mnisikie hapo).

Ni nomino isiyohesabika: hakuna "a nous" wala "nouses". Ukisema "he is very nous" umeharibu. Sema "he's got a lot of nous". Msemo utakaousikia sana ni "had the nous to" ukifuatwa na kitenzi: "She had the nous to keep the receipts", yaani alijiongeza akatunza risiti. Ukitaka kutaja eneo, litangulize: political nous, business nous. Savvy inakubali kuwa kivumishi, "a savvy buyer", nous haikubali.

Kwenye tafsiri, nashauri usikimbilie "ujanja". Kwenye mpira unapita, lakini ukimsifia bosi kwamba ni mjanja, nusu ya watu watasikia tapeli, na nous haina doa hilo. "Kujiongeza" ya Bongo ndiyo inayokaa vizuri zaidi. "Use your nous" ni "jiongeze" kabisa, pamoja na ukali wake, kwa hiyo usimwambie mtu aliyekuzidi umri au cheo. "Kuchanuka" ya Nairobi naiona karibu zaidi na "clued up", ambayo ni kuwa na habari za jambo. Mtu anaweza kuwa clued up kuhusu bei zote za soko na bado akakosa nous ya kujua lini auze.

Si neno la matusi wala la vijiweni tu; magazeti ya Uingereza yanaliandika bila wasiwasi. Ila kwa barua rasmi tumia "judgement", na ukiongea na Mmarekani tumia "savvy" au "street smarts", maana nous huenda hajawahi kuisikia.