Skripti Imesakinisha Programu: Faili Zake Ziko Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta ya dukani kwangu inatumia Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Programu ya kutunza hesabu niliisakinisha kwa faili moja ya .run (skripti ya kusakinishia), nikaiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Sasa siihitaji tena, lakini apt, amri ya kusakinisha na kuondoa programu, inasema haiijui. Nimefuta folda yake iliyokuwa ndani ya /opt, na bado kila nikiwasha kompyuta unatokea ujumbe wa hitilafu wenye jina lake. Nitazijuaje faili zote ilizoziweka, na siku nyingine nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, apt inasema kweli. Kifurushi cha .deb kinapopita mikononi mwa dpkg, chombo cha Debian kinachosimamia vifurushi, orodha ya faili zake huandikwa katika /var/lib/dpkg/info, na ndiyo maana amri ya dpkg -L huweza kukutajia kila faili ya kifurushi, na dpkg -S hukuambia faili fulani ni ya kifurushi kipi. Skripti uliyoiendesha kwa sudo haikupita huko. Ilinakili, ikaunda na kuhariri ilichotaka kwa mamlaka yote ya mfumo, na kama mwandishi wake hakuweka kumbukumbu, basi kumbukumbu haipo.

Ujumbe unaouona mara nyingi hutokana na faili ya huduma (inayouambia mfumo uanzishe programu kompyuta inapowaka) iliyobaki katika /etc/systemd/system, ambayo bado inaita programu uliyokwisha kuifuta. Izime kwa systemctl disable, futa faili yenyewe, kisha endesha systemctl daemon-reload.

Kuhusu zilizosalia, itafute kwanza ile faili ya .run. Nyingi kati ya hizo hutengenezwa kwa Makeself, chombo cha kufunga faili pamoja na skripti yake, na za namna hiyo hukubali kuendeshwa kwa --list, zikataja zilichobeba, au kwa --noexec pamoja na --target /tmp/kagua, zikajifungua humo bila kusakinisha chochote, nawe ukaisoma skripti kwa utulivu. Kiondoaji cha programu kwa kawaida hukaa katika folda ileile uliyoifuta. Kusakinisha upya toleo lilelile na kukiendesha kiondoaji hicho mara nyingi ndiyo njia safi kuliko zote.

Kama faili hiyo imepotea, tumia muda. Ukikumbuka kwamba ulisakinisha tarehe 14 Machi 2025 kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, andika amri hii inayotafuta faili zilizobadilika ndani ya saa hiyo:

find / -xdev -newerct '2025-03-14 09:00' ! -newerct '2025-03-14 10:00' ! -type d

Kila jina litakalotokea liulizie kwa dpkg -S. Hapa nakusihi uwe mwangalifu: faili kukosa mwenyewe katika dpkg si ruhusa ya kuifuta, kwa sababu mfumo wenyewe huunda faili nyingi zisizo za kifurushi chochote, kama vile /etc/ld.so.cache na kumbukumbu zilizomo ndani ya /var/log. Aidha, faili iliyobadilishwa baada ya saa hiyo haitaonekana katika utafutaji huu.

Siku nyingine kazi ianze kabla ya kusakinisha. Weka alama, yaani faili tupu ya kukumbuka wakati, kwa sudo touch /root/alama, endesha skripti, kisha papo hapo:

sudo find / -xdev -cnewer /root/alama ! -type d > orodha.txt

Wengi hufundishwa -newer badala ya -cnewer, na hapo ndipo faili zinapopotea. Chaguo la -newer hutazama tarehe ya maudhui, ambayo tar, chombo cha kufungua faili zilizofungashwa, huirejesha kama ilivyokuwa kwa mtengenezaji. Faili iliyoandikwa mwaka 2021 itaonekana ya 2021 hata kama imeingia kwako leo. Wakati wa mabadiliko ya hali ya faili, unaotazamwa na -cnewer, huwekwa na kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, na tar haina uwezo wa kuurudisha nyuma. Chaguo la -xdev nalo huzuia utafutaji usiingie /proc na /sys, ambazo si faili halisi za diski, lakini pia huruka diski nyingine, kwa hiyo kama /home iko katika kizigeu chake (sehemu iliyotengwa ya diski), itaje kando ya /.

Orodha hiyo itakuonyesha kuwa /etc/passwd (orodha ya watumiaji) au .bashrc (mipangilio ya terminali yako) imeguswa, bali haitakuonyesha ni mstari gani ulioongezwa. Kwa folda ya /etc, sakinisha etckeeper, ambayo huitunza kwa git, programu ya kuhifadhi historia ya mabadiliko ya faili. Ukiendesha sudo etckeeper commit kabla ya skripti, baadaye sudo git diff ndani ya /etc itakuonyesha mistari iliyobadilika, na sudo git status itataja faili mpya. Kwa .bashrc, nakala uliyoiweka kando mapema inatosha.

Ipo pia strace -f, inayonasa kila faili inayofunguliwa, lakini matokeo yake ni marefu mno kwa mahitaji ya duka. Na kama skripti inakubali kupewa folda ya kusakinishia, ipe folda yake pekee ndani ya /opt na uiendeshe bila sudo, ukiwa umejimilikisha folda hiyo kwanza. Ikigoma, ujumbe wa kosa mara nyingi utakuambia ilitaka kuandika wapi.