Muulize Mpagazi: Ukifika Bigo utalowa tu

SWALI: Salamu nyingi, Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 22, naandika kutoka Kyarumba. Mwezi wa saba nitapanda Rwenzori kwa mara ya kwanza, nabeba mizigo ya wageni kwa njia ya Nyakalengija. Wenzangu waliotangulia wanasema huko juu miguu ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani, si mzigo. Nina gambuti na jozi tatu za soksi za shule. Babu yangu aliwinda pimbi huko huko, naye ananicheka, anasema wao walikwenda pekupeku. Nifanye nini miguu isilowe na isigande?
*Mpagazi mpya, Kyarumba*

JIBU: Salamu nimezipokea, mwanangu. Babu hakudanganyi. Baba yangu naye alikuwa mwindaji wa pimbi, enzi hizo mlima haujawa hifadhi ya taifa. Tangu mwaka 1991 uwindaji huo umekatazwa, kwa hiyo haya nakupa kama elimu ya miguu tu, usije ukabeba mtego.

Baba alikwenda pekupeku kweli. Mguu mtupu unalowa, lakini ukitoka majini unakauka upesi, kwa sababu hauna kitambaa cha kushikilia maji. Jambo ambalo wazee hawalisemi wakicheka ni gunia. Baba alibeba gunia dogo la katani lililojaa majani makavu ya migomba, tangu nyumbani, akalifunga kwapani chini ya blanketi. Mvua ikinyesha, alikuwa radhi alowe mgongo kuliko gunia lilowe. Usiku, chini ya mwamba, alijifuta miguu, akaipaka mafuta, akaitumbukiza yote miwili ndani ya yale majani na kufunga mdomo wa gunia magotini. Asubuhi alitoa miguu, akafunga gunia, akakanyaga tope tena.

Nimefanya kazi ya upagazi miaka mingi na sijaona mbinu inayoishinda ile. Kwa hiyo swali lako nalipindua kidogo. Kutolowa Rwenzori hakupo. Siku ya tatu, ukitoka kambi ya John Matte kwenda Bujuku, utapita Bigo, bonde la matope na mabonge ya nyasi. Wamejenga madaraja ya mbao siku hizi, lakini si kila mahali, na mbao zenyewe zikilowa zinateleza kama sabuni. Nje ya mbao unaruka kutoka bonge moja la nyasi hadi jingine. Mara yangu ya kwanza bonge lilihama chini yangu, mguu ukazama hadi pajani. Nilipouvuta, tope lilitoa sauti kama ng'ombe anayekunywa, mguu ukatoka na soksi, gambuti ikabaki chini. Nililala kifudifudi na mzigo wa mgeni mgongoni, mkono hadi begani ndani ya tope, nikiitafuta gambuti kama mtu anayetafuta kambare.

Kinachokuhusu ni hiki: uwe na kitu kimoja kikavu ambacho njia haikijui. Jozi moja ya soksi nzito, ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kaveera ndani ya kaveera nyingine, katikati ya blanketi au mfuko wako wa kulalia. Hizo ni za usiku tu. Hazivaliwi kwenda chooni, hazivaliwi kukoka moto. Asubuhi unazivua na kuzirudisha, kisha unavaa zile zilizolowa jana. Najua. Saa kumi na mbili asubuhi pale Bujuku, karibu mita 4,000, kuingiza mguu wenye joto ndani ya soksi baridi yenye maji ni jambo la kumfanya mtu mzima alie. Lakini ukiubeba mzigo dakika kumi mguu unapata joto. Mpagazi anayejihurumia asubuhi na kuvaa zile kavu analala na miguu ya maji usiku unaofuata, na usiku hakuna mwendo wa kukupasha.

Sasa soksi za shule. Ziache nyumbani. Pamba ikilowa inashika maji na kukunyonya joto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sufu ikilowa bado ina nyuzi zilizojikunja zinazoshika hewa, kwa hiyo hata ikiwa na unyevu inakupa kitu. Bei ya soksi za sufu dukani ni ya wageni, nakubali. Nenda sokoni kwenye mivumba, yaani mitumba, tafuta sweta kuukuu la sufu lililotoboka kiwiko ambalo hakuna anayelitaka. Kata mikono yake, shona mwisho mmoja, umepata soksi mbili ndefu. Muuzaji akikuapia kwamba ni sufu, mwombe uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inasagika kuwa majivu. Ikiyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, hiyo ni plastiki, mshukuru na uondoke.

Kuhusu gambuti: ndiyo viatu vya mlima ule, usione haya mbele ya wageni wenye mabuti ya gharama. Kabla ya safari, ichukue gambuti moja moja, uizamishe kwenye beseni la maji, mdomo ukibaki juu, mkono wako ndani ukisukuma chini. Papasa kwa ndani mahali pa kukunjia vidole. Mkono ukihisi maji yanaingia, pana tundu, hata kama halionekani. Fundi wa baiskeli atakuzibia kwa kiraka cha mpira wa ndani. Kisha nunua namba moja juu ya mguu wako. Hili nililijifunza vibaya. Msimu mmoja niliogopa baridi nikavaa soksi tatu ndani ya gambuti iliyonitosha sawasawa. Tulipokaribia Elena, kambi ya juu karibu na barafu, sikuhisi vidole. Nilidhani soksi hazitoshi, kumbe zilikuwa nyingi: mguu uliobanwa damu haipiti, na joto la mguu linaletwa na damu. Kiongozi wetu aliniamuru nivue jozi mbili. Nilimwona mwendawazimu. Baada ya robo saa vidole vilianza kuwasha.

Tena gambuti inalowesha kutoka ndani. Mpira haupumui, na wewe unapanda na mzigo, unatoka jasho. Kila mnapopumzika kwa muda mrefu, vua, mwaga, kamua soksi, futa katikati ya vidole. Weka ndani ya gambuti kipande cha blanketi kilichokatwa kwa umbo la unyayo, viwili kwa kila mguu, ili kimoja kikaukie tumboni mwako wakati kingine kinafanya kazi. Naam, tumboni, juu ya fulana. Hapo ndipo penye joto la bure kuliko pote kambini.

Msalimie babu. Muulize kama naye alikuwa na gunia.

SWALI: Mzee, mimi ni mwalimu hapa Kampala. Dada yangu aliyeko Ujerumani ameniletea mabuti ya kupanda milima, ya ngozi, yenye utando usiopitisha maji. Nataka kufika Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori. Je, bado nahitaji gambuti?
*Mwalimu, Ntinda*

JIBU: Unazihitaji, mwalimu. Ule utando unazuia maji mpaka yanapoingia kwa juu, na Bigo yanaingia kwa juu. Yakishaingia, utando huohuo unayazuia yasitoke. Beba mabuti yako yakiwa makavu hadi Elena, zaidi ya mita 4,500, uyavae siku ya kupanda barafu, ambapo gambuti haifai kufungiwa vyuma vya miguuni vya kushikia barafu. Hakikisha tu yanakubali hivyo vyuma. Usiku wa Elena maji huganda, kwa hiyo yaingize mabuti ndani ya mfuko wako wa kulalia, hata kama yananuka. Na usiyakaushe kwenye sigiri. Nimeshuhudia soli ikibanduka kama chapati.

SWALI: Mwanangu amerudi kutoka mlimani juzi. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana kama za mtu aliyefua nguo siku nzima, hazina hisia. Sasa zimekuwa nyekundu, zimevimba na zinamuuma usiku. Jirani anasema azikande kwa maji ya moto sana. Naomba msaada.
*Mama, Kilembe*

JIBU: Mama, pole. Tafadhali usikande kwa maji ya moto, usisugue, wala asiote moto karibu. Mguu usio na hisia unaungua bila mwenyewe kujua, na ngozi ya namna hiyo ikisuguliwa inachubuka. Hayo ni madhara ya kukaa na miguu yenye maji na baridi kwa siku nyingi. Si lazima iwe theluji, hata baridi ya kawaida ya kule juu inatosha. Damu inaporudi ndipo uvimbe na maumivu huja. Ikaushe miguu polepole kwa kitambaa laini, aiinue juu ya mto anapolala, aiache wazi mahali penye joto la kawaida la chumba, asivae viatu vya kubana. Na apelekwe kituo cha afya leo, asingoje kesho. Akiona malengelenge, sehemu nyeusi, usaha au homa, hiyo ni haraka zaidi.

Na asipande tena mpaka hisia irudi kamili. Atasema ameshapona, maana msimu ni mfupi na pesa iko mlimani. Mfumbe macho, umguse vidole vya miguu kimoja kimoja kwa unyoya wa kuku, akuambie ni kipi. Akikosea hata kimoja, zifiche gambuti zake.