Jibu: Maji ya bafuni na ya kufulia kwa bustani na choo

Mkuu, umeuliza kama hapo Dodoma maji ya kuogea na kufulia yanaweza kumwagilia bustani na kuflashi choo. Yanaweza, ila anza na bustani. Choo kina gharama zake.

Toa bomba la bafuni moja kwa moja hadi kwenye shimo lililojazwa majani makavu na maranda, uzungushie migomba na mipapai. Maji yaingie chini ya majani, yasituame juu, la sivyo unafuga mbu. Mchicha na kachumbari usiviguse kwa maji hayo. Ya sinki la jikoni yaache kwanza, mafuta yataziba kila kitu.

Sabuni ndiyo shida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sabuni nyingi za unga zina chumvi za sodiamu, na kwenye udongo wa mfinyanzi chumvi hizo hurundikana hadi ardhi inagoma kunywa maji. Punguza unga, badilisha sehemu unayomwagilia, na mvua za Desemba zitasaidia kuisafisha. Maji yenye jiki au ya nepi yaende shimo la choo.

Kuhusu choo, ndoo ya maji ya mwisho ya kusuuzia inatosha kabisa. Mimina kwa nguvu bakulini, usijaze kwenye tangi la choo, vifaa vitaharibika. Usiyalaze zaidi ya siku moja, yatanuka. Ukitaka pampu na simtanki, mwambie fundi mabomba hayo yasiunganishwe popote na ya maji safi.