Mbio za magari za viwanja vidogo Carolina, Marekani: usikae chini karibu na waya

Kosa la kwanza nilifanya hata kabla bendera ya kijani haijapepea. Nilifika Hickory Motor Speedway, North Carolina, mimi na binti yangu, nikaona safu ya mbele kabisa iko wazi nikasema leo tumebahatika, kumbe wenyeji wote wamepanda juu na wana sababu zao. Magari yalipoanza kuzunguka tukaanza kunyeshewa vipande vya mpira wa tairi, vidogo vidogo vyeusi, vingine vikaingia kwa soda, na upande wa pili wa uwanja sioni kitu. Mtoto akaziba masikio akaanza kulia. Mzee mmoja akatushukia na vizibo vya masikio akatupa bila kusema neno, na hata angesema nisingemsikia.

Kwa hivyo panda juu, safu za mwisho kabisa, uone uwanja wote. Na vizibo nunua mapema, mtoto mtafutie zile za kufunika sikio lote. Hapo usibishane na mimi.

Mimi ni mtu wa Nakuru, mbio nilizozijua ni Safari Rally, unasimama kwa vumbi masaa mawili, gari linapita vuuu basi, unangoja lingine. Hapa ni kinyume. Hickory imekuwako tangu 1951 na mzunguko wake ni maili 0.363, yaani hata mita 600 haufiki, gari linapita mbele yako kila sekunde kumi na tano, kumi na sita hivi. Mashindano ninayofuata mimi yanaitwa CARS Tour, hayana nyumba moja, wikendi hii wako Hickory, ingine wamevuka Virginia wako South Boston, ingine wako Florence kule South Carolina. Tangu 2023 wamiliki ni Dale Earnhardt Jr., Kevin Harvick, Jeff Burton na Justin Marks, majina makubwa hayo ya NASCAR, ile ligi kubwa ya mbio za magari Marekani, lakini piti, pale magari yanapotengenezewa, utakuta baba, mjomba na watoto wanasukuma gari, na dereva mwenyewe Jumatatu anaingia kazini kama wewe.

Ukiweza kuchagua uwanja mmoja tu, chagua North Wilkesboro, hapo hapo North Carolina. Ulianza 1947, NASCAR wakauacha 1996, majani yakaota humo miaka na miaka, halafu 2022 ukafunguliwa na CARS Tour wakaja Agosti, Dale Jr. mwenyewe akaendesha. Madereva wa zamani wa milima ya huko walijifunza kukata kona wakikimbia askari na chang'aa kwa buti, sio utani, Junior Johnson wa kaunti hiyo hiyo ya Wilkes alifungwa kwa mambo ya hiyo pombe na bado alishinda mbio 50 za NASCAR. Uwanja wenyewe umeinama, upande mmoja gari linapanda, upande wa pili linashuka, kwa TV huwezi kuona hiyo kitu.

Sasa ile siri iliyonichukua karibu msimu mzima. Usimwangalie anayeongoza. Mbio kubwa ya Late Model Stock, ndio aina ya magari ya CARS Tour, mara nyingi ni raundi 125 na tairi unazopewa ni za kuhesabu, ukizichoma mapema umekwisha. Yule anayekimbia kama mwizi raundi ya ishirini, ikifika ya tisini gari linamteleza kila akitoka kona, na hapo ndio wanatokea watu waliokuwa wamejificha namba nane, namba kumi, wanaendesha polepole kwa makusudi. Mimi siku hizi nachagua gari moja la katikati, naangalia mkono wa dereva tu: kama hapigani na usukani, huyo bado ana tairi. Na bendera ya manjano ikitoka, ile ya kupunguza mwendo kukiwa na hatari, usikimbilie choo, maana wote wanarundikana tena wawili wawili, na ikianza tena ndio utaona mtu anagongwa bampa kidogo tu ya kumsogeza, sio kumwangusha, japo huo mpaka kila mtu anaupima kwa rula yake.

Mvua ikinyesha hakuna mbio, tairi zao hazina meno. Niliwahi kuendesha lisaa lizima nikakuta geti limefungwa, so angalia ukurasa wao kabla hujawasha gari. Beba keshi. South Boston wanasifika kwa mkate wa bologna ya kukaanga, nyie msiokula nguruwe ulizeni kwanza.

Na lipia piti. Ni dola kadhaa zaidi lakini unaona mafundi wakipima gari la mshindi baada ya mbio, urefu, uzito, wengine wanafungua mpaka injini, na hapo ndio nilijifunza usilipe dau usiku huo. Mwenzangu wa kazini alinila dola ishirini za dau, gari alilochagua lilivuka mstari mbele ya langu, nikampa pale pale kwa parking. Asubuhi naamka naona hilo gari alilochagua limefeli ukaguzi, ushindi umeenda kwa wa pili, yaani wangu. Nikampigia. Akaniambia sisi tuliwekeana dau la nani atavuka mstari kwanza, hakuna aliyetaja ukaguzi. Mpaka leo hiyo ishirini sijaiona.